Fungu la Mwisho, Nyuma ya Sikio

Mpendwa dada yangu Wawira,

Leo jua limetoka hapa Kibugu baada ya ukungu wa siku nyingi, nami nimetoa stuli nikaja kukaa kwenye ule ukuta wa jikoni kwa mama, upande unaotazama msitu, pale ulipokuwa ukinikalisha nikiwa mtoto. Nimevua kitambaa. Unajua mimi sivui kitambaa hovyo, hata watoto wangu hunicheka kwamba nilizaliwa nacho. Leo nimekivua, nikaacha kichwa kipate jua, kisha nikaenda kutafuta kalamu. Sikusoma sana, unajua darasa niliachia wapi, kwa hivyo ukiona maneno yamepinda, yanyooshe mwenyewe kama ulivyokuwa ukininyoosha shingo.

Nataka kukwambia habari za kichwa chako. Maana siku ile ya mwisho wewe ulikuwa umelala tu, hukujua tuligombana kiasi gani juu yake.

Lakini wacha nianze na baba. Unakumbuka alipofariki, nyanya alitukalisha uani mmoja baada ya mwingine akatunyoa kwa wembe mpaka tukabaki na ngozi. Ndivyo ilivyofanywa kwetu wakati huo, mwenye msiba alijulikana kwa kichwa. Mama alikuwa ameshaokoka na hakuzipenda desturi hizo, lakini angebishanaje na mama mkwe wake matanga yakiwa yameanza? Naye akakaa akanyolewa. Halafu wewe ukanishika kichwa kwa mikono miwili, ukanipapasa, ukasema, "Igoki, unafanana na yai." Nami nikakwambia, "Wewe unafanana na kibuyu cha uji." Tukacheka, kwenye matanga ya baba yetu, mpaka shangazi akaja akatuchapa sote wawili. Nililia ile siku nzima na watu wakadhani namlilia baba. Nilikuwa namlilia, lakini pia kofi la shangazi lilikuwa zito.

Nywele zikaanza kurudi. Mimi nilizisahau, wewe hukuzisahau. Kila Jumamosi ukinivizia nimekaa, unanipimia kwa kidole. "Bado." Jumamosi nyingine, "Bado kidogo." Mpaka siku moja ukasema, "Sasa zinashikika," ukanivuta ukaniweka kati ya magoti yako hapa hapa ninapoandika. Ulikuwa umemwomba fundi wa cherehani wa pale sokoni uzi mweusi uliobaki kwenye kigurudumu chake, ule ambao hautoshi kushona kitu. Mafuta yalikuwa yale ya mbarika ya nyanya, yenye harufu ya moshi. Ulitenga nywele kwa njiti ya mwavuli iliyovunjika, ukazungusha uzi kutoka kwenye ngozi mpaka ncha, fungu kwa fungu, na mimi nikalia.

"Tulia," ukasema. "Au nikuache nusu, uende kanisani kama jogoo aliyenyeshewa."

Nikatulia. Ulipofika nyuma ya sikio la kushoto ukasimama. Ukachukua mkono wangu ukauweka kwenye lile fungu lililobaki, ukanipa uzi.

"Hili malizia wewe."

"Mimi sijui."

"Ndiyo maana nakwambia umalizie. Ukimalizia mwenyewe huwezi kwenda kusema Wawira ameniharibu. Kichwa ni chako."

Nilizungusha vile nilivyoweza. Jumapili nikaingia kanisani na kichwa kizuri kila mahali, isipokuwa nyuma ya sikio palipokuwa na kitu kimesimama kama mkia wa mbuzi. Tangu siku hiyo hukuniachia kamwe kichwa kilichokwisha. Hata nilipoolewa hapa hapa jirani, hata nilipokuwa na wajukuu wa dada wa mume wangu wakiniita nyanya, ukifika mwisho unauchukua mkono wangu unauweka pale. Na si mimi tu. Kila mtu aliyewahi kukaa kati ya magoti yako aliondoka akiwa ameachiwa lake.

Unakumbuka ile asubuhi tulipopanda juu ya shamba kwenda kuchuma majani chai, umande ukiwa bado? Tulifika pale juu, ukageuka, ukatazama chini. Mistari ya chai ilikuwa inazunguka kilima, ikishuka, ikikutana bondeni, ikipanda tena upande wa pili. Ulisimama na kikapu mgongoni mpaka mnyapara wa jirani akauliza kama umeumwa na nyuki. Ukaniambia polepole, kama mtu aliye kanisani, "Angalia. Hata kilima kimesukwa." Jumamosi hiyo ukaniacha na matuta ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, yakizunguka kichwa kwa kufuata umbo lake, si yale ya kwenda moja kwa moja kutoka usoni hadi kisogoni. Wasichana waliniuliza huu ni msuko gani. Nilijibu bila kufikiri, "Ni majani chai." Na jina likabaki. Miaka mingi baadaye nilimsikia msichana nisiyemjua, kwenye soko la Embu, akimwambia msusi, "Nifanyie majani chai." Nilitaka kumwambia kwamba kichwa cha kwanza kilikuwa hiki. Nikaona haya, nikanunua nyanya nikaenda zangu.

Halafu ukaolewa na Baba Kendi, ukashuka Mitunguu kwenye joto na migomba. Nilikulilia kama umekufa. Yeye akashika ndizi na mifereji ya maji, wewe ukawa unapanda Meru siku za soko, na pale pembeni ya soko la Gakoromone ukafunga turubai lako karibu na Mama Salma, yule muuza leso. Nilipokuja kukuona mara ya kwanza nilishangaa. Wasusi wote wa upande ule walikuwa wamebandika picha za wanawake wenye nywele zilizolala hadi mabegani. Jiko linawaka, kitana cha chuma kimo ndani, harufu ya nywele zilizoungua inafika mpaka kwenye viazi. Kwako kulikuwa na kioo tu, kimefungwa kwenye mti kwa kamba ya katani.

Nikakuuliza, "Na picha ziko wapi?"

Ukasema, "Picha za nini? Mtu akija hapa amekuja na uso wake."

Mama Salma akacheka huko kwake. "Mwambie huyo dada yako. Mimi nimemwambia abandike hata picha ya ng'ombe, wateja wajue kuna kazi. Hataki."

Lakini wateja walikuja. Yule mwalimu msichana ndiye ninayemkumbuka kuliko wote. Alikaa kwenye gunia akilia, amejifunika kichwa kwa sweta. Mkuu wake wa shule alikuwa amemwambia mbele ya walimu wenzake kwamba kichwa chake hakijachanwa, akazichome nywele zile au azinyoe, kwamba mwalimu hawezi kuwa na kichwa cha mchunga mbuzi. Wewe hukumwambia pole. Ulimtoa sweta, ukaingiza vidole vyote kumi ndani ya zile nywele, ukasema, "Umebeba mali yote hii halafu unalia?" Ulimsuka mistari myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu, ikikusanyika kisogoni, na kwenye kile kifundo ukazungusha kipande cha kitenge cha buluu ulichookota kwa fundi, cha rangi ile ile ya sketi yake. Alijitazama kwenye kioo, akakunja sweta. Akamalizia fungu lake nyuma ya sikio, akaenda. Baada ya wiki chache akatokea mwanamke mmoja mwenye gari, amevaa miwani, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu hapa anayesuka ile mistari ya mwalimu fulani. Alikuwa mke wa mkuu wa shule. Mama Salma alilazimika kuingia nyuma ya leso zake kucheka.

Sikwambii haya kwa sababu umeyasahau. Nakwambia kwa sababu ninaogopa kuyasahau mimi.

Binti yako Kendi hakupenda matuta. Akiwa mdogo alikimbia akiona uzi. Alipokuwa mkubwa akapata kazi kwenye duka la vipodozi mjini Meru, akiuza mawigi, na yeye mwenyewe akawa na nywele za dukani zinazofika mgongoni. Nilikuja kwako nikiwa nimekasirika kwa niaba yako. Nikakwambia, mtoto wa Wawira anauza nywele za watu wengine, utamwacha? Ulikuwa unamenya ndizi. Hukuinua macho. "Tangu akiwa mdogo nilimwambia kichwa ni chake. Sasa nimnyang'anye kwa sababu amekubali kuwa ni chake?" Nikachukua kisu nikakusaidia kumenya. Ulikuwa na subira ambayo mimi naiomba kila siku nikipiga magoti, na mpaka leo naipata nusu nusu.

Kisha ugonjwa. Sitauandika sana, ulikuwa wako na uliubeba. Dawa za saratani zilipoanza kufanya kazi nilishuka Mitunguu, nikakukuta kwenye baraza umekaa, migomba imekufunika kivuli, na kichwa kiko wazi kama siku ile. Nilisimama hapo mlangoni na mfuko wangu wa viazi. Ukajipapasa kichwa.

"Igoki," ukasema. "Ni kama baba amefariki tena."

Nikataka kulia, halafu nikasema, "Unafanana na kibuyu cha uji." Mungu anisamehe. Tulicheka mpaka ukaanza kukohoa, na wifi yako Gatwiri akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Gatwiri alikupenda, dada. Nataka hilo liandikwe hapa, kwa sababu ya yale yatakayofuata. Ndiye aliyekuosha, ndiye aliyekaa na wewe hospitalini mimi nikiwa huku na ng'ombe wangu. Na ndiye aliyeleta lile wigi, nywele ndefu nyeusi zinazong'aa, ndani ya mfuko wa karatasi. Alikuwa amemtuma Kendi alichague lililo zuri kuliko yote dukani. Ulimshukuru. Alipotoka ukalichukua ukaivika ile sufuria kubwa juu ya meza, ukaniambia, "Mpe huyu mgeni chai." Lakini Jumapili iliyofuata ulilivaa, ukaenda kanisani nalo kwenye joto lile, kwa sababu ulijua Gatwiri atakuwa anaangalia. Kendi akakupiga picha mlangoni mwa kanisa. Umetabasamu kwenye ile picha. Ndiyo iliyotuponza.

Maana baadaye nywele zako zilirudi, na tulioziona zikirudi tulikuwa wachache. Zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, zimejikunja sana, nyeusi zimechanganyika na nyeupe. Siku moja ulishuka kutoka kwenye kiti ukakaa kati ya magoti yangu, wewe mkubwa, ukaegemea. Nilikupaka mafuta tu, zilikuwa hazijashikika. Ukasema ukiwa umefumba macho, "Nikienda usiwaache wanifunike. Nisuke kwa uzi, hata zikiwa fupi. Nataka kwenda na kichwa changu."

Nikakwambia usiseme hivyo, Bwana anaponya.

"Anaponya," ukasema. "Lakini wewe sikia. Na uzi usiukaze sana hapa mbele, mimi kichwa kinaniuma."

"Mtu aliyekufa haumwi na kichwa, Wawira."

"Wewe umejuaje?"

Hakukuwa na mtu mwingine pale barazani. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia.

Ulipoondoka, tulikaa sebuleni kwako kupanga mazishi. Wanaume walimaliza yao ya kaburi na viti, ikabaki habari ya mavazi. Gatwiri akasema nguo iko tayari, na wigi liko tayari, amelichana. Nikasema hapana. Nikawaambia ulivyoniambia. Wakanitazama kwa macho ya watu wanaoniheshimu lakini hawaniamini.

Gatwiri akanigeukia akasema, "Mama Muthoni, watu watatoka Meru na Embu kumwangalia. Tutamzika na kichwa kile, kama mtu asiye na watu?"

"Ndivyo alivyotaka."

"Alilivaa akaenda nalo kanisani. Si wote tulimwona? Picha yake hiyo hapo, anacheka."

Ningesema nini? Niseme ulilivaa kwa ajili yake, mbele ya watu, na yeye amekulea kama mtoto? Baba Kendi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono. Akasema mambo ya wanawake hayajui, lakini marehemu ana mtoto, mtoto aseme.

Kendi alikuwa kwenye zulia, amejikunja. Alisema bila kunitazama, "Tata, mimi nimemwona mama akiisha kidogo kidogo. Sitaki watu wote waje wachungulie hiyo. Wacha aende akiwa smati."

Tata, mama mdogo. Alikuwa ananiita hivyo tangu akiwa hawezi kutamka vizuri. Baba Kendi akasema, "Mtoto amesema. Yaishe." Nikasema sawa, yaishe. Niliondoka nikaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikamwambia Mungu kwamba nywele zile ni kazi ya mikono yake na si mimi wa kuzipigania, lakini kama kuna nafasi hata ndogo, anipe. Sikuomba kwa maneno mazuri. Niliomba nikiwa na hasira.

Asubuhi ya mazishi tukaingia mochari sisi watatu, Gatwiri, Kendi na mimi. Ulikuwa umeshaoshwa. Tulikuvalisha ile nguo ya kitenge cha kijani uliyoipenda. Kisha Gatwiri akafungua mfuko wa karatasi. Alilivuta lile wigi taratibu, kama anamvisha bibi harusi. Likateremka mpaka kwenye nyusi. Kichwa chako kilikuwa kimepungua, dada, ugonjwa ulikuwa umechukua hata hapo. Akalirudisha nyuma, akabana kwa pini, likateleza upande. Akaanza kulia huku anabana. Kendi akamwambia, "Aunty, wacha mimi," kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, anajua yanavyokaa. Alilivuta, akalikunja kwa ndani, akalibana, akazilaza nywele za mbele. Likakaa. Lilikaa vizuri kabisa.

Akarudi nyuma hatua chache kuangalia.

Aliangalia sana. Mhudumu akaingia, mzee mmoja mpole mwenye viatu vya mpira, akasema, "Akina mama, gari limefika." Kendi akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ni nani?"

Mtoto wako akasogea, akatoa zile pini moja moja, akalitoa lile wigi, akalirudisha kwenye mfuko wake akaukunja mdomo wa mfuko vizuri. Zikabaki nywele zako, laini, zimejikunja. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa chako, na nikaona bega lake linashuka kama mtu aliyefika nyumbani.

"Tata," akaniambia. "Ulikuja na uzi?"

Nilikuwa nimekubali yaishe, Wawira, na nilimaanisha. Lakini uzi ulikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kitabu cha nyimbo.

Zilikuwa fupi. Uzi ulikuwa unateleza, sikuweza peke yangu. Nikamwambia Gatwiri akushike kichwa kisigeuke, akakishika kwa mikono yote miwili, machozi yakimdondoka, nikamwambia wifi, pangusa, uzi ukilowa hautashika, akajipangusa kwa bega asiachilie. Kendi alishika kigurudumu cha uzi. Hakujua kuachilia uzi. "Legeza. Sasa shika. Legeza tena." Mtoto wa msusi, kwenye mochari, ndipo anajifunza kushika uzi. Nilipita mstari wa kwanza juu ya sikio, nikafuata umbo la kichwa, nikashuka kisogoni nikapanda upande wa pili. Majani chai. Mbele sikukaza. Nilikumbuka.

Nilipofika nyuma ya sikio la kushoto mikono yangu ikasimama yenyewe.

Gatwiri akauliza, "Mbona umeacha hapo?"

"Hili ni la mwenyewe," nikasema. "Hili hamalizii msusi."

Tukatazamana. Nilikuwa sijalifikiria kabisa. Mwenye kichwa alikuwa amelala hapo, na mkono wake ulikuwa baridi, na haungeweza kuinuka kwenda popote. Yule mzee wa viatu vya mpira alikuwa bado amesimama mlangoni. Akavua kofia yake. Kendi akaweka kigurudumu kwenye paja, akasema, "Mimi ni wake." Akainama akazungusha uzi kwenye lile fungu, mara mbili likamponyoka. Sikumsaidia. Lilipokwisha lilikuwa limelegea, limesimama kama mkia wa mbuzi, na tukaliacha hivyo hivyo.

Nyumbani, jeneza likafunguliwa, watu wakapita. Mchungaji alikuwa anaimbisha. Nilisimama kando nikiangalia nyuso, kwa sababu nilikuwa na hofu kwamba nimekuaibisha. Wanawake wa Gakoromone walikuja wengi, na kila mmoja akifika kwako alipunguza mwendo. Mama Salma ndiye aliyesimama kabisa. Alikutazama, akainamisha kichwa huku na huku kama anakagua leso. Akanigeukia.

"Nani amesuka?"

"Ni mimi."

"Mstari wa kati umepinda. Wawira angekufungua uanze upya."

"Najua."

"Na hilo nyuma ya sikio?"

"Ni lake. Kendi amemsaidia."

Mdomo wake ukaanza kucheza. "Mimi langu nimelimalizia miaka yote chini ya mtandio," akasema. "Hakuna aliyewahi kuliona ila mume wangu, na yeye alidhani ni ugonjwa." Tukashikana, tukacheka mbele ya jeneza lako, wanawake wazima, na watu wakadhani tunalia. Tulikuwa tunalia. Safari hii hakuwepo shangazi wa kutuchapa.

Sasa nikwambie ya juzi, halafu nikuache upumzike.

Kendi amekuja Kibugu. Alifika na baridi hii, amevaa makoti mawili, watoto wa Mitunguu hawajui baridi. Alipovua kofia nikaona amekata. Nywele zake mwenyewe, fupi, zimesimama. Bado anafanya kazi kwenye duka lile, sikumwuliza habari za duka, ni kichwa chake. Akasema, "Tata, nifundishe." Nimemfundisha hapa ukutani, akijaribu juu ya kichwa changu, na kuna mahali nilifumba macho, Wawira, nikasahau. Anakandamiza ngozi kwa kidole kidogo kabla ya kuanza fungu, kama wewe. Hakuna aliyemfundisha hilo. Mimi sikandamizi. Nilikaa kati ya magoti ya mtoto wako nikiwa na hizi mvi zangu, na machozi yakawa yanashuka, akaniuliza, "Nimekaza sana, tata?" Nikamwambia ndiyo, amekaza.

Alipofika mwisho akauchukua mkono wangu akauweka pale. "Hili malizia wewe." Nikamwambia nitalimalizia kesho, macho yamechoka. Leo asubuhi ameondoka kurudi Meru.

Nimeomba kwa ajili yako kwa miezi hii yote, ingawa mchungaji anasema ulikofika huhitaji maombi yetu. Naamini anachosema. Naamini tutaonana, na kwamba aliyeziumba nywele hizi hakuziumba kwa makosa. Lakini usiku ni usiku, na chai ni ya kuchumwa, na Jumamosi zinafika bado. Hakuna anayenipimia kwa kidole.

Nimekaa hapa juani tangu nianze kuandika, na kila nikifika mwisho wa ukurasa napeleka mkono nyuma ya sikio. Uzi upo mfukoni mwa aproni. Vidole vinajua kazi, umevifundisha tangu havijajua kushika kijiko. Fungu lenyewe ni dogo, ni kazi ya dakika. Nimelishika, nimezungusha mara moja, nimelifungua tena.

Nitafunga kitambaa juu yake, hakuna atakayeliona. Kaa vizuri huko kwa Baba, dada, na ukimwona baba yetu mwambie nywele ziliota. Hili nimeliacha wazi. Nikilimalizia, kichwa kitakuwa changu peke yangu.

Ni mimi, mdogo wako wa kati ya magoti,
Igoki